Sikudhani Aonja Dhahabu

Palikuwa na muuza vitenge aitwaye Sikudhani, aliyechoshwa na vitanda vibovu vya safarini. Bwana Shekolowa, mwenye hoteli kubwa Tanga, akamwambia, "Achana na hoteli nyingine. Lala kwangu tu mwaka mzima, nami nitakupandisha daraja la dhahabu: kitanda kipana, supu ya asubuhi, maji ya moto bafuni."

"Nitajuaje kama linastahili mwaka mzima?" akauliza Sikudhani. "Hata mchuzi huonjwa."

"Basi lionje leo, bure!"

Sikudhani akalala fofofo, akaamka, akanywa supu akashiba.

"Haya, umeamuaje?" akauliza Shekolowa.

"Tamu, bwana! Lakini mwenzako wa ng'ambo ya barabara naye ana dhahabu yake. Nitaisifuje yako kabla sijaonja ya kwake?"

Mwaka ulikwisha Sikudhani amelalia dhahabu bure katika kila hoteli ya Tanga, na bado alikuwa hajaamua.