Koili Iliyosifiwa

Ndugu zangu, walikuwepo mtu na mdogo wake, wanawake wawili wenye bekari ndogo huko Tukuyu kwenye baridi. Mdogo aliitwa Atupele. Alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, na matanga yalipokwisha tu akarudi kwenye unga. Akakanda kuliko wote. Akacheka na wateja. Watu wakasema, "Huyu Mungu kampa moyo wa chuma." Dada yake naye akamsifu, kisha akamwongezea kazi. Si ndivyo tunavyofanya?

Siku zilezile koili ya oveni yao ya umeme, kile chuma kinachotoa joto, iliharibika. Wakanunua nyingine, ikafungwa. Mikate ikaiva upesi ajabu! Lakini wiki haikuisha, koili ikakatika, oveni ikapoa na mikate mibichi ndani.

Fundi akaja, akaitoa, akasoma namba zilizogongwa pembeni.

"Mama, hii ni ya volti mia mbili thelathini. Oveni yenu inaipa mia nne."

"Lakini fundi, hii ndiyo iliyofanya kazi vizuri kuliko zote!"

"Ilikuwa inatoa joto karibu mara tatu ya uwezo wake, mama. Ile kasi mliyoifurahia ndiyo kuungua kwenyewe."

Dada mtu akageuka, akamwona mdogo wake mezani, unga umemfika viwikoni. Oveni imekufa, ndugu zangu, na yeye bado anakanda! Akamwendea, akamshika mikono.

"Atupele, acha."

"Nikiacha, dada, nitafanya nini?"

"Utalia. Mimi nipo."

Atupele akaketi juu ya gunia la unga, akalia kilio ambacho hata makaburini hakukilia. Dada yake akaketi naye, akamlaza kifuani. Bekari ikafungwa mchana kweupe, na wateja wakarudi bila mkate.

Sasa tuje kwetu sisi. Koili ina bahati, imeandikwa kiwango chake. Mwanadamu je, nani kamwandikia chake kwenye paji la uso? Yupo humu mwanakwaya anayeimba kutushinda sote. Yupo mama ambaye hakuna msiba asiopikia. Tunawaita imara kwa kuwa wanatufaa. Tukitoka hapa, kabla hujampa mtu hongera, mshike mkono, umuulize, "Usiku unalala?" Na usiondoke mpaka akujibu.