Binti Aliyesema Tuko Pamoja

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja mwenye binti mtu mzima, mwenye usonji. Kusoma sura ya mtu kulimshinda yule binti. Ukinuna, hajui, ukicheka kwa uchungu, anadhani umefurahi. Na neno alilichukua kama lilivyotamkwa.

Jirani yao akafiwa na mume. Njiani kwenda msibani mama akamfundisha: "Ukifika, mshike mkono useme, 'Pole, tuko pamoja.'" Binti akasema vilevile, macho yakiwa ukutani. Vilio vilipopanda, akaziba masikio kwa vidole, akatoka nje.

"Huyu hana hata chembe ya huruma," mwanamke mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika. Mama akatamani ardhi ipasuke immeze.

Matanga yakaanuliwa, masufuria yakarudi kwa wenyewe, watu wakatawanyika. Kesho yake asubuhi binti haonekani nyumbani. Mama akamtafuta, akamkuta kwa mjane, wamekaa mkekani, ungo katikati, wanachagua mchele kimya.

"Mwanangu, twende. Msiba umekwisha."

"Nilimwambia tuko pamoja," binti akajibu. "Nikiwa nyumbani, hatuko pamoja."

Mama akamgeukia mjane, aibu imemjaa. "Nisamehe, dada. Huyu hajui mtu akitaka kuwa peke yake."

"Ndiyo maana aliniuliza," mjane akasema. "Kasema, 'Siwezi kujua kwa kukutazama. Unataka nikae au niende?' Dada, tangu nifiwe, hakuna mwingine aliyeniuliza. Nikamwambia akae."

Basi mama akamwacha. Akarudi peke yake, akapita katikati ya mtaa kifua mbele, na moyo wake umejaa fahari. Yule mwanamke wa msibani akamwita: "Binti yako yuko wapi leo?"

Mama akasimama, akajibu naye kwa sauti ya kusikika: "Yuko pale aliposema atakuwa."

Mnacheka? Haya, tujitazame. Sisi macho yetu hayana shida. Tuliuona uso wa yule mjane, tukauelewa wote, tukabeba masufuria yetu tukaenda zetu. Tena tukasema asiye na huruma ni binti, kwa kuwa hakulia tunavyolia sisi. Kuna aliyemuuliza yeye zile kelele zilimuuma vipi? Hapo ni nani aliyeshindwa kumwelewa mwenzake?

Wewe uliyekaa hapo, ulimwambia nani "tuko pamoja"?

Na leo uko wapi?