Upande wa Pili wa Kanda

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya majini na wafalme, ni zamani ambayo baadhi yenu mlikuwa mnatembea, mtu aliye mbali hakupiga simu. Alijirekodi kwenye kanda, akampa msafiri, na nyumbani watu wakakusanyika kwenye redio kumsikiliza.

Basi Bi. Mwamvua wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, aliletewa kanda na mumewe Kapilima, aliyekuwa migodini Zambia. Akasikiliza upande wa kwanza. Humo mume akasema ameoa mke mwingine huko. Bi. Mwamvua akaitoa kanda, akaifunga kwenye kitambaa, upande wa pili hakuugeuza. Haikupita miezi mingi, ikaja habari kwamba Kapilima amefariki. Hata hapo hakuugeuza. Jeuri ya mtu aliyeumizwa, nani kati yenu asiyeijua?

Miaka thelathini ikapita, masikio ya mama yakaanza kufa. La kushoto likaisha kabisa. La kulia likabaki na uhai kidogo, na daktari akasema halitamaliza mwezi. Ndipo jeuri ikamtoka, ikaingia hofu. Akawaita wanawe wawili, Zaituni na Sefu, akasema mbele ya majirani: "Nataka kujua baba yenu alimalizia vipi. Atakayeniwezesha kusikia, nitahamia kwake, na radhi zangu za mwisho ni zake."

Radhi ya mama si kitu cha kuchezea. Tangu siku hiyo ndugu hao wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Zaituni, binti mkubwa, alikuwa na redio ya marehemu baba. Ilicheza kanda vizuri, lakini siku hizi spika zake zimeliwa na mende, sauti haimfikii hata mwenye masikio mazima. Sefu alikuwa na hom thieta mpya, spika tano na sabufa, akiwaonyeshea watu mpira kibandani kwake. Sauti ya kutikisa bati, lakini haina pa kutia kanda. Kila mmoja akakataa kupeleka chake kwa mwenzake. Siku nne zikapotea kwa ubishi huo, na sikio la mama likizidi kufifia.

Mwishowe vyombo vyote viwili vikaletwa sebuleni kwa mama. Waya wa kimoja haukuingia kwenye kingine. Wakaja mafundi wawili, wakaona kanda ilivyokauka, wakasema ikikatika hawataki lawama, wakaondoka. Mjini akabaki fundi mmoja, na huyo hakuna aliyetaka kumtaja. Ni Nasibu, mtoto wa yule mke wa Zambia. Alikuja Tabora kutafuta ndugu za baba yake, Bi. Mwamvua akamfungia mlango. Kwa miaka kumi alitengeneza redio pale sokoni, nao wakipishana naye bila salamu.

Sefu akaenda kumwita. Nasibu akaja na begi lake, akasema, "Shikamoo, mama." Bi. Mwamvua labda hakusikia, labda alisikia. Hakuitikia.

Nasibu akakata waya wa redio, akaunganisha na waya wa hom thieta, akachomelea kwa risasi. Akaonya kwamba kanda hiyo itapita mara moja tu. Wakawasha. Sabufa ikanguruma, sauti ya Kapilima ikazama humo. Mama akatikisa kichwa, hasikii. Sefu akaongeza sauti, ngurumo ikazidi. Kanda inakwenda, maneno yanapotea, Zaituni analia wazime. Nasibu akazima sabufa, akainua spika ya katikati, ile inayobeba maneno, akaibana kwenye sikio la kulia la mama. Mama akatulia.

"Nasema tena, Mwamvua, kama umegeuza upande huu, basi umenisamehe. Naumwa, sidhani nitarudi. Mtoto amezaliwa, wa kiume, nimemwita Nasibu. Mama yake hana mtu. Nikifa, mchukue, umlee pamoja na wenzake."

Hapo kanda ikakatika.

Mama akalia. Alilia kwa uchungu, kwa muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Kisha akauliza ni nani amemwezesha kusikia.

Zaituni akainama sikioni pake, akasema kwa nguvu: "Ni mimi, mama. Watu walitupa redio zao, mimi nikatunza ya baba. Kila Idi niliichukua kanda kwenye kitambaa chako, nikaizungusha redioni pande zote mbili isigande. Sabufa ya Sefu ndiyo iliyotaka kumzamisha baba."

Sefu akasema: "Spika iliyokufikia ni yangu, mama. Kibanda changu kimefungwa wiki nzima kwa ajili yako. Na niliyemwita fundi ni mimi, wakati dada alisema afadhali ubaki kiziwi kuliko huyu aingie humu."

Nasibu alikuwa anakunja waya zake. Akauliza taratibu, "Dada, umesema pande zote mbili?"

 Zaituni akakiri kwamba aliyasikia maneno yale tangu mwaka wa kwanza wa kuizungusha. Aliogopa, akasema, mama angekufa kwa majuto. Na kila mwaka uliopita, kusema kukawa kugumu zaidi.

Nasibu akapiga magoti kando ya sikio lile. "Mimi nimeunganisha, mama. Sikuja kushindania radhi. Lakini uliyeambiwa umlee ni mimi, nami nilibisha hodi hapa."

Bi. Mwamvua akasimama. Majirani mlangoni walikuwa mashahidi wa ahadi yake, hakuwa na pa kurudi nyuma. Akafumba macho, akanyoosha mkono, akasema: "Aliyeniwezesha kusikia anishike, twende."

Wote watatu wamesimama mbele yake, na kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza. Nyinyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Je, nani alistahili kuushika mkono ule?