Sahani ya Ishirini na Tatu

Atakayesema naongopa asimame sasa hivi, aichukue filimbi hii niliyoiweka hapa mkekani, aende nayo kwao. Hakuna? Basi kaeni mnyamaze. Mimi shule niliiacha darasa la sita, na mwalimu wangu alilia siku hiyo, kwa furaha. Lakini kuhesabu hadi arobaini najua, na hadithi hii haihitaji zaidi ya hapo.

Hapo zamani, si zamani ya babu zenu, zamani ya juzijuzi tu, kulikuwa na kambi ya watoto milimani Usambara, mahali paitwapo Kwemlasi. Kila likizo ya Juni watoto arobaini waliletwa kutoka Tanga na Dar es Salaam, wakakaa wiki nne, wakajifunza kuota moto, kupanda vilima na kufua soksi zao wenyewe. Mwenye kambi alikuwa Bibi Hizza, mwalimu mstaafu, mwanamke wa sweta mbili na maneno machache. Filimbi ilikuwa yake. Ikilia, watu wazima wanakimbia kabla ya watoto.

Wafanyakazi wote walikuwa wa msimu. Juni unaitwa, Julai unaagwa. Lakini mwaka huo magoti yalimgomea Bibi Hizza, akatangaza kwamba anatafuta mtu wa kubaki mwaka mzima. Huyo atashika filimbi, na atakaa kwenye ile nyumba ya vyumba viwili pale getini. Walioitamani walikuwa watatu.

Wa kwanza ni Mwanaidi, mpishi. Misimu saba alipika pale, na kati ya msimu na msimu aliuza vitumbua Korogwe, akilala sebuleni kwa dada yake. Binti yake, Shani, alikuwa Handeni kwa bibi yake, maana sebule ya watu haina nafasi ya wawili. Wengine walipoiona nyumba ya getini waliona bati jipya na bomba la maji. Mwanaidi aliona kitanda cha Shani, na dirisha la kukielekezea.

Wa pili ni Elisante, mwalimu wa kuchora, mpole, mwenye pumu. Akipanda ngazi tatu, ya nne anapumzikia.

Wa tatu ni Sheiza, wa michezo. Huyo sasa ndiye mtu. Mrefu, sura njema, mbio kama swala, na mnyenyekevu kupita kiasi. Tena alijua kuiga sauti yoyote: mbuzi, bundi, hata Bibi Hizza akikohoa. Watoto walimpenda kuliko wali. Msinune, ndivyo ilivyokuwa.

Kambi ilikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Kila mtoto alipewa namba yake siku ya kwanza. Kabla ya kutoka, wakirudi, kabla ya kula na kabla ya kulala, walijipanga mstari, kila mmoja akataja namba yake kwa sauti. Bibi Hizza alikaa kwenye kiti chake, amefumba macho, anasikiliza. Alisema macho yanadanganywa na kofia, masikio hayadanganywi. Sauti zikifika arobaini, filimbi inalia na watu wanakula.

Jumatano ya wiki ya pili walikwenda kwenye maporomoko ya maji, wakarudi saa saba mchana, wameloa manyunyu, meno yanagongana. Wakajipanga. Moja, mbili, tatu. Mwanaidi alikuwa jikoni anapakua huku anasikiliza, na dirisha la jiko lake linatazama nyuma ya mstari, pale wanaposimama walezi. Ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili. Pakawa kimya kidogo. Kisha sauti nyembamba ikaitika, "Ishirini na tatu." Namba zikaendelea mpaka arobaini. Filimbi ikalia, na watoto wakaingia bwaloni kama mchwa.

Mwanaidi alikuwa amepakua sahani arobaini za wali na maharage. Watoto walichukua, wakaketi, wakala. Mezani ikabaki sahani moja.

Aliuliza nani hajachukua. Sheiza akamtania kwamba moshi umempanda kichwani, amepakua ya ziada. Mwanaidi akaingia kati ya mabenchi, akawagusa watoto vichwani mmoja mmoja kwa mpini wa upawa. Thelathini na tisa. Akarudia. Thelathini na tisa.

Sasa muelewe jambo. Kumwambia Bibi Hizza kwamba masikio yake yamekosea, mbele ya watoto, halikuwa jambo dogo. Mpishi aliyekuwepo kabla alibishana naye kuhusu chumvi tu, na Juni iliyofuata hakuitwa. Kama Mwanaidi amekosea hesabu, vyumba viwili vimekwenda, na pengine hata sufuria. Alisimama pale, mkono mmoja na upawa, mwingine umeshika sahani inayopoa. Akamfikiria Shani. Kisha akamfikiria mtoto wa mtu.

"Bibi," alisema, "mimi sijui kuhesabu sauti. Najua kuhesabu sahani. Hii hapa haina mtoto."

Bibi Hizza akasimama kwa shida, akaamuru namba zitajwe upya, pale pale mezani. Zikafika ishirini na mbili, zikagota.

Ishirini na tatu alikuwa Tunu, wa miaka minane, kutoka Tanga. Mtoto wa polepole, kila siku wa mwisho kufunga kamba za viatu.

Walezi wote wakakimbilia njia ya maporomoko, maana huko ndiko walikotoka, na maji yalikuwa mengi. Elisante akasimama katikati ya njia, akawazuia kwa mikono miwili. Akaomba wamngoje kidogo. Akaingia chumba cha kuchorea, akatoka na karatasi nane.

"Siku nane anachora jiwe hilihili," alisema, pumzi inamkatika. "Na juu yake mtu, mkono sikioni. Hakwenda majini huyu. Amekwenda kumpigia mama yake."

Kila mlezi alilijua jiwe hilo. Lilikuwa juu ya kilima, nyuma ya misonobari, na ndipo mahali pekee simu ziliposhika mtandao. Walezi walipanda kwa zamu. Watoto walikatazwa, lakini hakuna aliyewakataza kutazama.

Ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka, na ukungu wa Usambara ukishuka huoni hata pua yako. Elisante alijaribu hatua ishirini, akakaa chini. Mwanaidi angepanda, lakini kwa mwendo wake angefika ukungu umefunga. Sheiza akatupa koti, akakimbia. Watu wa kambi wanasema walimwona kwenye misonobari ya kwanza, wakapepesa macho, wakamwona kwenye ya mwisho. Jiweni hakukuwa na mtu. Akaita. Chini kwenye korongo kitu kikalia. Akashuka kwa makalio, miiba inamchana, akamkuta Tunu kifundo kimevimba kama embe, baridi imemkausha midomo.

Alimpandisha mgongoni. Walipofika tena jiweni akampa simu yake, Tunu akaongea na mama yake. Akasema hajambo, akasema amekula wali. Kisha wakashuka. Sahani yake ilikuwa bado mezani, Mwanaidi ameifunika kwa sahani nyingine.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Bibi Hizza aliwaita wote watatu barazani. Aliweka filimbi juu ya meza. Akasema leo kambi imepona, na aliyeiponya ndiye atakayeishika. Kila mtu aseme lake.

Mwanaidi akasema, "Bila mimi, hakuna ambaye angejua kwamba amepotea."

Elisante akasema, "Bila mimi, mngejua kwamba amepotea, na mngemtafuta majini."

Sheiza akasema, "Bila mimi, mngejua alipo, na ukungu ungemlaza huko."

Mwanaidi alimtazama Sheiza. Alifungua mdomo kama mtu mwenye neno la pili, kisha akaufunga, akafuta mikono kwenye khanga yake, ingawa ilikuwa mikavu.

Bibi Hizza aliwaza mpaka chai yake ikapoa. Akasema mtoto alirudi kwenye mgongo wa mtu mmoja, na mgongo huo kila mtu ameuona. Filimbi akapewa Sheiza.

Haya. Je, Sheiza alistahili? Naona wa huku mnasema sahani, wa kule mnasema michoro, na wewe dada unayenitazama hivyo unajua kitu. Ngojeni. Msiamue kwanza, kuna kipande nilikiruka.

Sheiza ni mimi. Hilo wengi mmeshalijua, hakuna mwingine ninayeweza kumsifu kiasi kile. Lakini nilichoruka si hicho. Ile sauti nyembamba iliyoitika ishirini na tatu ilikuwa yangu. Mvua ilikuwa inanyesha, nina njaa, mstari umegota, nikajua ni Tunu yuko nyuma anafunga kamba za viatu kama kawaida yake. Nikamwitikia. Watoto wawili wakacheka, Bibi Hizza kafumba macho, filimbi ikalia. Nilikuwa nimesimama peke yangu nyuma ya mstari, mbele ya dirisha la jiko.

Siku ya kufunga kambi Mwanaidi alipita getini na mfuko wake. Nilitaka kumsaidia kuubeba, akanikatalia.

"Nilikuona mdomo," aliniambia. "Sahani ilipobaki nikajua ni kwa nini."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema, wangekufukuza palepale. Na miguu iliyokuwepo ni yako tu. Baadaye ningesema, wangesema natafuta nyumba."

Akaondoka. Bibi Hizza hajui mpaka leo, anadhani ni mtoto aliyefanya mzaha. Shani yuko Handeni bado. Mimi nalala chumba kimoja, cha pili nimeweka mipira. Juni imekaribia, na filimbi hiyo hapo mkekani, hakuna aliyeigusa tangu nianze.

Je, ni ya nani?