Baba Mkubwa wa Tusajigwe

Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Watu huitamka methali hii wakicheka, kama vile inawahusu wavivu peke yao, wale wa kulala hadi jua liwachome mgongo. Jailos wa Iyunga hakuwa mvivu. Alikuwa mchapakazi kama siafu, na bado ilimpata.

Mwaka 1951 alishika njia ya Iringa kutafuta kazi. Binti yake, Tusajigwe, alikuwa na miaka miwili. Akisimama, kichwa chake kilipita goti la baba yake kidogo tu.

"Mahindi yakikauka nitakuwa nimerudi," Jailos alimwambia mkewe, Sekela.

"Mahindi ya mwaka gani?" Sekela akamuuliza. "Maana mahindi hukauka kila mwaka."

Wakacheka, wakaagana.

Kazi aliipata juu ya mlima mmoja upande wa Idodi. Kileleni palikuwa na nyumba ya wageni ya mawe, yenye baraza refu lililotazama dimbwi ambako tembo, nyati na swala walikuja kunywa maji. Kila kiangazi familia za Kizungu zilipanda huko, baba, mama na watoto, kula chakula majanini na kutazama wanyama. Jailos ndiye aliyewaongoza. Alisoma nyayo mchangani kama mchungaji asomavyo Zaburi. Watoto wa wageni aliwabeba begani, akawachongea fimbo, akawategea vitendawili.

"Mnyama wangu ana mikia miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma."

Wakishindwa aliwadai mji. Wao wakampa London, naye akaipokea kwa heshima zote. "Haya, nimekwenda London, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Mnyama wangu ni tembo."

Mahindi yakakauka, yakavunwa, yakapandwa tena. "Wageni hawa wakiondoka tu, naenda," alisema kila mwaka. Wakiondoka, mvua ilianza, na msimamizi alimwomba abaki kuilinda nyumba. Basi, badala ya kwenda, alituma gauni. Alishuka hadi Mlandege, mjini Iringa, kwa fundi cherehani, akaweka kiganja juu kidogo ya goti lake, akasema, "Kimo hiki." Mwaka wa kwanza hivyo, mwaka wa tano vilevile. Kule Iyunga, Sekela alilipima gauni kwa mtoto aliyekwisha kumfika kifuani, akalikunja, akampelekea jirani mwenye mtoto mdogo.

Mwaka wa sita ikaja barua. Ambrosi, karani wa nyumba ile, ndiye aliyemsomea. Sekela alishikwa na homa, akalala siku tatu, ya nne akafariki. Kanisa limekwisha kumzika. Mtoto amechukuliwa na Andendekisye, mdogo wake Jailos.

Jailos alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

"Nenda nyumbani, kaka," Ambrosi alimwambia.

"Wageni waliopo wamebakiza siku nne."

"Hao wana baba yao."

Jailos akarudi kwa wageni. Siku nne zikapita, mvua zikaikata barabara, na barabara ilipofunguka aibu ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Mtu ambaye hakutia udongo kaburini kwa mkewe ataingiaje Iyunga mchana kweupe? Akangoja mwaka mzima, kana kwamba aibu hupoa kama uji.

Mwishowe alituma barua. Hakwenda mwenyewe, aliomba aletewe mtoto. Andendekisye, mtu mpole asiye na maneno mengi, akamleta wageni walipokwisha kuondoka. Walipanda mlima kwa miguu kutoka Idodi, ambako lori lililowaleta lingerudi Iringa kesho yake.

Jailos alisimama barazani akitafuta mtoto wa kimo cha goti. Akaja msichana wa miaka tisa mwenye macho ya Sekela. Msichana akapiga magoti kwa adabu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Watoto wa Andendekisye walimwita Jailos hivyo, kama desturi itakavyo, kwa kuwa ni kaka wa baba yao. Tusajigwe alikuwa amekula nao sahani moja na kujifunza nao maneno mamoja. Hapakuwa na mtu aliyekumbuka kumgeuzia neno hilo.

"Mama, nilikwambia njiani," Andendekisye alimwambia mtoto taratibu. "Huyu si baba mkubwa kwako. Huyu ndiye baba yako."

"Ndiyo, baba," mtoto akamjibu Andendekisye.

Wale ndugu wakasogea pembeni.

"Kaka, mtoto ni wako," Andendekisye alisema. "Akikubali kubaki, abaki. Lakini sitamfunga kamba kama mbuzi. Lori linaondoka kesho."

"Nipe leo tu."

"Leo yote ni yako."

Jailos aliitumia siku ile kama mtu anayechota maji kwa kiganja. Alimchomea mtoto viazi, akamwonyesha pimbi wakiota jua kwenye miamba. Kila alipopewa kitu, Tusajigwe alishukuru kwa lugha ya kwao: "Ndaga, baba mkubwa." Shukrani yake ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya mgeni.

"Kitendawili," Jailos akajaribu.

"Tega."

"Mnyama wangu ana mikia miwili..."

"Tembo," mtoto akasema kabla hajamaliza.

"Nani kakufundisha?"

"Baba."

Jailos akageuka. Andendekisye alikuwa amekaa barazani, amevua kiatu kimoja anatoa kokoto.

Punde si punde tembo wakaja. Jailos alimshusha mtoto hadi kwenye mawe ya chini, ambako wageni wake wote hupenda kukaa, naye akasimama nyuma yake hatua chache. Tembo jike mwenye ndama akanusa upepo, akatanua masikio, akalia kwa sauti iliyotikisa kifua. Jailos alijua kuwa anatisha tu, hatakuja. Akapiga goti moja chini, akafungua mikono yote miwili.

"Usiogope. Njoo kwa baba."

Tusajigwe akageuka akakimbia. Alikimbia akija moja kwa moja upande wake, na kwa pumzi mbili au tatu Jailos aliamini. Kisha mtoto akampita. Upepo wa gauni lake ukamgusa uso. Akapanda mteremko akilia, "Baba, baba," mpaka akamfikia Andendekisye, aliyekuwa akishuka mbio na kiatu kimoja mguuni, akajifunga shingoni mwake.

Jailos alibaki amepiga goti, mikono wazi, mpaka tembo walipokwisha kunywa na kuondoka.

Asubuhi hakumuuliza mtoto kama atabaki. Aliwasindikiza hadi Idodi, akampakia Tusajigwe kwenye lori kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani.

"Utakuja tena kuona tembo?" alimuuliza.

Mtoto akafikiri, maana alifundishwa kutosema uongo. "Nitamwomba baba. Akikubali, nitakuja."

Andendekisye aliinamisha kichwa. Lori likaondoka, vumbi likapanda, likatua. Jailos aliuangalia mlima alioupanda akiwa kijana mwenye mke na mtoto, na hakujua ana haraka ya kwenda wapi tena. Waliosema hawakukosea: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.