Joho la Bwana Tembo

Hapo zamani za kale (sogeeni karibu, na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole, nisije nikapotewa na maneno), wanyama walikuwa na shule yao, na shule hiyo ilikuwa na joho moja.

Moja tu! Si moja kwa kila mwanafunzi, la. Joho moja jeusi, zito, lenye pindo jekundu, lililoshonwa kwa kipimo cha Bwana Tembo, mkuu wa shule. Mwanafunzi akimaliza masomo aliitwa mbele ya watu akavishwa. Likimtosha, amefanikiwa: apigiwe vigelegele, achague kazi aitakayo. Lisipomtosha, hajafanikiwa. Aende akalime shamba la mtama la Bwana Tembo mpaka akue.

Sasa niambieni, nyie wenye akili. Joho la tembo litamtosha nani?

Twiga alilivaa. Shingo nje, miguu nje. "Halijakutosha! Shambani!"

Kobe alilivaa, likammeza mzimamzima. Walimtafuta humo ndani, wakamkuta ndani ya mkono wa kushoto, kalala fofofo. "Halijakutosha! Shambani!"

Nyani alilivaa, akapiga hatua, akalikanyaga, puu! Chini. "Halijakutosha! Shambani!"

Aliyekuwa akipaza sauti hiyo ni Fisi, msimamizi wa shamba. Alipaza kwa mazoea tu, hata kutazama hatazami. Na mtama wa Bwana Tembo ulistawi kila mwaka, wala hakuna aliyeuliza kwa nini.

Hakuna, mpaka zamu ya Chiku ilipokaribia.

Chiku alikuwa kindi, binti wa Mama Kindi, mdogo wa umbo, mwepesi wa mikono. Tangu darasa la kwanza alitembea na sindano na uzi kavichomeka mkiani. Mwenzake akichana kaptura kwa kuruka ukuta, mbio kwa Chiku.

"Chiku, niokoe! Mama ataniua leo!"

"Geuka. Tulia. Ukicheka nakuchoma."

Chwi, chwi, chwi! Kaptura nzima. Mwenzake anamwachia karanga mbili tatu, anakwenda zake. Wakati wa kushona Chiku alisahau njaa, alisahau hata kengele, mpaka mwalimu amwite kwa jina. Lakini hakuna aliyeita jambo hilo kazi. Hata yeye mwenyewe aliliita mchezo.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama Kindi alikuwa na sufuria ya uji isiyotoka jikoni.

"Kunywa, mwanangu. Bakuli hili tu, unenepe. Siku ya joho haiko mbali."

"Mama, nimeshiba mpaka masikioni."

"Kunywa! Unataka yakukute ya kaka yako?"

Kaka yake, Kibwana, alipelekwa shambani Chiku akiwa bado hajui kusoma. Kila mwaka Kibwana alirudishwa avishwe tena, na kila mwaka joho lilimkataa. Salamu zake zilikuwa zilezile: "Mwambieni mama nimenenepa. Safari hii litanitosha."

"Mama," Chiku akauliza, "mtu akifanikiwa anajuaje?"

"Joho linamtosha."

"Na kabla joho halijashonwa, watu walijuaje?"

Mama Kindi akakoroga uji. Akakoroga tena. "Maswali hayanenepeshi mtu! Kunywa."

Chiku akanywa. Lakini akilini alikuwa anajiona shambani na jembe linalomzidi kimo, mkia umeingia vumbi, sindano imeota kutu. Aliogopa, tena aliogopa sana. Si jembe alilokuwa akiliogopa. Aliogopa kuzeeka akingojea kuwa tembo.

Basi ikatokea, sherehe inakaribia, joho linatolewa sandukuni, lo! Nondo wamelitafuna. Matundu kila mahali. Bwana Tembo akapiga baragumu kwa mkonga wake, vuuu! "Natafuta fundi!"

Chiku akapiga moyo konde, akaenda.

"Hodi! Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Nani anasema? Simwoni mtu."

"Niko hapa chini, Babu, karibu na kidole chako cha mguu. Tafadhali usikisogeze."

Tembo akainama, akatazama, akacheka mpaka vikombe vikagongana kabatini. "Wewe? Sindano yenyewe inakuzidi!"

"Ndogo hupita pasipopita kubwa, Babu. Nipe nijaribu. Ila nina hofu moja."

"Hofu gani?"

"Watu wana maneno, Babu. Wanasema joho lina upendeleo. Eti kwa wadogo ni kali, lakini lingemkataa mkubwa, mkubwa angeachiwa aende zake."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Nani kasema?"

"Mimi nitawajuaje, Babu? Maneno hayana mwenyewe."

"Upuuzi! Joho halijui mkubwa wala mdogo! Siku ya sherehe nitalivaa mimi wa kwanza. Likinikataa mimi, nashika jembe mimi!"

Fisi, aliyekuwa kajilaza mlangoni, akakohoa. "Mzee, labda tusifike huko..."

"Nyamaza! Nitalisema mbele ya shule nzima."

Na kweli alilisema, siku ileile, wanafunzi wamesimama mstarini, na akaapa kwa pembe zake mbili. Chiku alikuwa mstari wa mbele, macho chini, adabu tele.

Kazi ikaanza barazani kwa Bwana Tembo, mchana kweupe, Fisi akilinda. Chiku aliziba matundu ya nondo, moja baada ya jingine, kwa viraka usivyoweza kuviona. Huo ulikuwa upande wa kazi aliopewa. Upande aliojipa mwenyewe ulikuwa mwingine: kila mshono wa pembeni aliukunja ndani kidogo, akaubana. Mgongoni akabana. Kwapani akabana. Mikononi akabana.

Fisi akainua kichwa. "Wewe, mbona unashona pasipo na tundu?"

Mikono ya Chiku haikusimama. "Naimarisha, Bwana Fisi. Kitambaa kikongwe hiki. Likimpasukia mkubwa mgongoni mbele ya wageni, ataulizwa nani? Mlinzi."

"Ehee! Hapo umesema." Fisi akarudia mfupa wake. "Imarisha, imarisha sana!"

Chiku akaendelea. Na katikati ya hofu yake akagundua jambo la ajabu: alikuwa na furaha. Chwi, chwi, chwi, uzi unapita, kitambaa kinatii, jua linahama barazani yeye hana habari. Akajiuliza, "Hivi ningekuwa tembo, ningeweza kushona mshono huu?" Akautazama mkono wake mdogo, mara ya kwanza bila kuuonea haya.

Sherehe ikafika. Ngoma zikapigwa, dum, dum, dum! Wazazi wamejaa, Mama Kindi kakaa mbele na bakuli lake la uji mapajani, asije mwanawe akahitaji funda la mwisho. Wale wa shambani nao wameletwa, wamepangwa pembeni wakingojea kuvishwa tena.

Bwana Tembo akatoka, kifua mbele. "Nilisema nitavaa wa kwanza. Leteni!"

Wakamvisha. Kichwa kikaingia, kikatoka kwa taabu. Mkono wa kwanza ukafika kwenye kiwiko, ukakwama. Tembo akavuta pumzi, akajibana. Akavuta tena. Vifungo vikaanza kuruka, pwi! pwi! Kimoja kikampiga Kobe gambani, ko! Joho likagoma mabegani, likakataa kwenda mbele, likakataa kurudi nyuma.

Na Fisi, maskini, mazoea yana tabu, bila kutazama akapaza sauti: "Halijakutosha! Shambani!"

Kisha akatazama. Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini neno likishatoka limetoka. Mnaujua ule msemo wa mkuki kwa nguruwe? Nguruwe mwenyewe alikuwepo siku hiyo, akaguna.

"Nani kalichezea joho?" Tembo alinguruma, vumbi likapanda. "Nani?"

Angeweza kunyamaza, Chiku. Alikuwa mdogo, uwanja ulikuwa na watu wengi, na mkia wa kindi ni rahisi kufichika. Lakini akamwona mama yake ameshika bakuli kwa mikono miwili, akasogea mbele.

"Ni mimi, Babu. Nimelibana."

"Wewe! Umenivunjia heshima!"

"Babu, kabla ya kunikanyaga, nina swali moja. Mwaka jana joho lilikutosha. Leo limekukataa. Kati ya mwaka jana na leo, wewe umepungua nini?"

"Mimi?" Tembo akafoka. "Sijapungua kitu! Nguvu zangu zilezile, akili zangu zilezile! Mimi ni yuleyule!"

"Kumbe," Chiku akasema, na sauti yake ikakatika kidogo, maana alikuwa analia. "Basi na sisi, Babu, hatukupungukiwa kitu. Twiga hakupungukiwa. Kobe hakupungukiwa. Kaka yangu hakupungukiwa. Ni nguo tu."

Tembo alikuwa ameapa kwa pembe zake mbele ya shule nzima, na pembe bado zilikuwa pale zikionekana na kila mtu. Mwisho akasaidiwa kulivua joho, akanyoosha mkonga kwa Fisi, taratibu. "Lete jembe," akasema.

Ah, makelele ya siku hiyo! Twiga alicheza mpaka akagonga tawi. Nyani akarukia jukwaani akapiga kelele: "Joho lishonwe upya kwa kipimo cha Chiku! Atakayetoshwa na la Chiku ndiye aliyefanikiwa!"

"La Chiku! La Chiku!" watu wakaitikia.

Nisiwadanganye, wajukuu zangu. Chiku alitamani. Ni nani asiyetaka kuwa kipimo cha wengine? Alishalishika pindo jekundu. Akafikiri: nitawavisha Twiga na Nyati kijoho cha kindi, tuone.

Hapo Kibwana akatoka kwenye mstari wa wakulima. Tumbo limetuna kwa uji na mtama, mashavu yamejaa, kimo kilekile. Hakuwa ameelewa lolote lililopita. Aliona tu kwamba joho limepunguzwa.

"Nivisheni na mimi," akasema, akainua mikono juu. "Mama, tazama, nimenenepa. Safari hii litanitosha, sivyo?"

Hakuna aliyecheka. Chiku akaliachia pindo.

"Shusha mikono, kaka." Akachomoa uzi mkiani, akaanza kumpima mabega, kiuno, magoti. "Unataka kufanya nini?"

"Nataka linitoshe."

"Na likishakutosha?"

Kibwana akatafuta jibu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Akatazama chini, kisha akanong'ona kama anayekiri kosa: "Kule pembezoni mwa shamba nilikuwa nachimbia kokwa, Fisi akiwa hanioni. Zimeota, Chiku. Zimekuwa miche, mingine inanipita. Nataka kuitunza."

"Basi hiyo ndiyo kazi yako. Nitakushonea suruali ya kupigia magoti, yenye viraka vinene hapa na hapa."

Mama Kindi akaliweka bakuli chini, akalia, wala hakujifuta.

Chiku akashika mkasi. Krr, krr, krr! Joho la mafanikio likakatwa vipande pale pale uwanjani, na kila mtu akapimwa kwa uzi wake. Twiga akapata skafu, ndefu hiyo! Kobe akasema nyumba anayo, anaomba pazia tu. Kipande cha mwisho Chiku akajishonea mwenyewe aproni yenye mfuko mmoja wa sindano, akafungua kibanda cha ushonaji mbele ya shule.

Na Bwana Tembo? Alilima siku hiyo mpaka jua likazama, mgongo ukamfundisha asiyoyajua. Wote waliokuwa shambani akawaruhusu waende. Siku moja akaja kibandani.

"Hodi. Nipime na mimi, mjukuu wangu."

"Karibu, Babu. Kwanza niambie, unataka kufanya nini? Si mkuu wa shule. Wewe mwenyewe."

Tembo akafikiri. Akapepea masikio, akafikiri tena. Mpaka leo mkimwona amesimama mahali pamoja, masikio yanakwenda taratibu, hasemi na mtu, msimsumbue. Jibu bado hajalipata, lakini walau anatafuta.

Mimi uzi wangu umeishia hapo, nanyi shikeni fundo lake: mafanikio ni nguo, isipopimwa mwilini mwako itakubana au itakumeza.