Mafiga ya Pangoni

Sogeeni karibu, nanyi wa nyuma nyamazeni, maana leo mna kesi ya kuamua. Asije mtu akaniambia hakusikia.

Kaskazini jangwani, kwa wafuga ngamia, walikuwapo watatu. Qabale alikuwa na pua: akinusa upepo, anakwambia mbuzi wako wamelala wapi. Umuro alikuwa na ukarimu uliopita kiasi. Mgeni akikohoa tu, yeye ameshabandika chai. Talaso, binti aliyesomea mambo ya kale, alikuwa na macho ya kusoma udongo.

Ikaja habari mbaya: njia yao ya visimani itazungushiwa ua. "Hapa hajawahi kuishi mtu," wakubwa wa serikali walisema. "Kama waliishi, nyumba zao ziko wapi?" Bila visima, ngamia wangekufa, na watu nao. Wazee wakaahidi ngamia jike mwenye mimba kwa atakayeiokoa njia.

Qabale akapanda mlima ulio kando ya njia hiyo, akinusa nyufa za miamba kutafuta dalili za watu wa kale. Kwenye ufa mmoja akasimama. "Hapa pananuka moshi, tena moshi mkongwe!" Akaondoa mawe, akakuta pango limejaa majivu.

Umuro akasikia wakubwa wanakuja kukagua. Lo! Mgeni aingie penye majivu? Akashika ufagio, akafagia pango zima. Talaso alipofika alijishika kichwa.

"Mjomba, umefagia ushahidi!"

"Mwanangu, nilikuwa nawaandalia wageni," akajibu, machozi yakimlengalenga.

Talaso akapiga magoti. Kumbe ufagio umefichua mafiga matatu, yamekaa vilevile kama ya jikoni kwao! Akachimba pembeni taratibu: majivu, mchanga, majivu, mchanga, na chini kabisa mafiga mengine.

Wakubwa walipofika, akawaambia, "Mchanga ni wakati watu wa hapa walipokuwa safarini. Majivu ni wakati waliporudi. Hata sisi tukihama, nyumba tunazibeba, mafiga tunayaacha, kwa sababu tunarudi."

Wakubwa wakakubali kwamba watu waliishi hapo. Ua haukujengwa.

Basi, ngamia ni wa nani?

"Bila pua yangu, pango mngelijulia wapi?" anasema Qabale.

"Bila ufagio wangu, mafiga yangebaki yamefukiwa," anasema Umuro.

"Bila mimi," anasema Talaso, "hayo ni mawe tu."

Wanabishana huku wanacheka, na ngamia mwenyewe ameshazaa, palepale kwenye njia ya visimani. Maziwa wanakunywa wote, lakini kamba lazima ishikwe na mmoja. Aliyekosea akafaa, naye apewe? Haya, msiangalie chini! Kamba hii hapa: wewe ungemkabidhi nani?